Maji Yaliyosimama Wima

Juzi niliona chupa imepasuka kwenye friza ya binti yangu, nikasikia tena harufu ya mafuta ya taa ya dukani kwa Shangazi, pale Mkiwa. Miaka hiyo serikali ilikuwa imeruhusu tena bidhaa kutoka nje, naye akaleta friji ya kwanza kijijini, ile ya mafuta ya taa, yenye utambi unaowaka chini. Bibi, mama yake, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni tena, alikataa kukanyaga dukani humo.

"Moto hauleti baridi," alisema. "Huo ni uchawi."

Tangu hapo walikuwa hawasemeshani.

Alasiri moja tulisikia kitu kikipasuka ndani ya friji. Shangazi alifungua taratibu. Chupa aliyoijaza maji ilikuwa vipande vitupu, lakini maji yenyewe yalisimama wima, yakiwa na shingo na mabega ya chupa. Kwa utoto wangu nilidhani yamekasirika kwa kufungiwa. Leo najua kwamba maji yakiganda, molekuli zake hushikana kwa kuachiana nafasi, ndiyo maana barafu hutanuka. Hata hivyo mwili bado hunisisimka.

Shangazi alibandua vioo vyote, akaibeba ile barafu kwa kanga hadi uani alikoketi Bibi.

"Shikamoo mama. Nimekuletea maji, shika."

Bibi, aliyechota maji maisha yake yote, aliipapasa. Akaiweka shavuni, ikamchuruzikia hadi shingoni.

"Kumbe maji yana mifupa," alisema polepole. Kisha akanyoosha mkono. "Nipeleke kwenye hilo sanduku lako, mwanangu."