Mama Mkwe Alipokanyaga Breki

Niliporudi kutoka Uingereza mwishoni mwa miaka ya sabini, nilirudi na vitu viwili ambavyo hakuna mtu mwingine mtaani Ziwani, Nairobi, aliyekuwa navyo: diploma ya ufundi wa magari na sanduku la spana lililotimia. Nasema hivi bila haya. Kabla ya kwenda nilikuwa kibarua wa kubeba magunia Industrial Area, na nauli ya ng'ambo nilijitafutia mwenyewe. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Baada ya kurudi nilinunua gari kuukuu la foo-bai-foo, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lenye turubai nyuma, nikalifumua na kuliunda upya mbele ya nyumba. Wapita njia walisimama kutazama, nami sikuwafukuza.

Gari hilo ndilo lililotakiwa kumpeleka mama mkwe wangu nyumbani, magharibi mwa nchi, Jumapili moja alfajiri. Alikuwa amekuja kumtembelea mwanawe, kapera aliyefanya kazi reli, na alikaa kwake, nyumba mbili kutoka kwangu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja. Hawapeani mikono wala hawatazamani usoni. Mmoja akitokea njiani, mwingine hupinda kona. Ijumaa habari ilifika kwamba dada yake mkubwa, aliyemlea, yuko hoi na anamwita. Shule zilikuwa zinafungwa na mabasi yalikuwa yamejaa mpaka katikati ya wiki. Kama angemkuta dada yake hai, ingekuwa kwa gari langu.

Jumamosi asubuhi shemeji, huyo wa reli, aliliazima gari kwenda mtaa wa Baba Dogo kuchukua mizigo ya kupeleka nyumbani. Aliporudi, nilikanyaga breki na pedali ikazama kama mguu kwenye matope.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Tuliza boli, shemeji. Paipu ililegea, mafuta ya breki yakamwagika. Fundi wa huko akaikaza, akanijazia maji ya sabuni. Si nimefika?"

"Umefika kwa sababu Baba Dogo hakuna mteremko!"

Alicheka, akachukua kofia yake ya kazi na kwenda zamu.

Maji ya sabuni yalikuwa dawa ya barabarani siku zile, na mjini yanaweza kukufikisha. Lakini kwenye mteremko mrefu wa Mai Mahiu, njia ya kwenda magharibi, breki hupata moto, maji huchemka, mvuke hujaa kwenye paipu, na ukikanyaga unakanyaga hewa. Nilijua hilo vizuri kuliko fundi yeyote wa Eastlands. Basi nilifungua drami zote nne za breki nikakagua raba, zikawa salama. Nikanyonya maji machafu ya kwenye masta silinda, kopo la mafuta ya breki chini ya boneti, nikajaza mafuta mapya. Kilichobaki kilikuwa kuyasukuma mapya mpaka kila gurudumu na kutoa hewa yote.

Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia. Mwingine yuko chini, anafungua kinati nyuma ya gurudumu, uchafu na hewa vinatoka kwa mrija mpaka kwenye chupa, anakifunga, ndipo wa juu anaachilia. Wa juu akiachilia kabla kinati hakijafungwa, hewa inanyonywa ndani tena na kazi imeharibika.

Mke wangu, aliyekuwa nesi, alikuwa kazini mpaka jioni, na mimi breki sizifanyi kwa tochi. Vijana wote walikuwa wameenda mpirani. Nilimwomba jirani mmoja aliyekuwa akifua nguo nje.

"Mimi? Nikanyage vyuma vyako vilipuke? Ng'o!"

Nikampata mzee wa Mombasa, muuza mahamri, jirani yangu wa ukutani. Alipanda kwa furaha, kofia yake imenyooka. Shida yake ilikuwa maneno.

"Shikilia!" nikasema kutoka chini.

"Nimeshikilia, injinia. Huko Ulaya mlikuwa mkilala chini hivi hivi, au kulikuwa na makochi?" Akacheka, na mguu ukacheka naye. Nikasikia mrija ukinyonya hewa.

Tulirudia, akaachilia tena. Mara ya tatu nikatoka chini nimekasirika, na hapo ndipo nikamwona mama mkwe amesimama kando ya ukuta, ameupa mgongo upande wangu. Nikarudi chini haraka.

"Baba," akamwambia yule mzee, "mwambie huyo fundi nimekanyaga cherehani tangu nikiwa msichana. Mguu wangu unajua kutulia."

"Injinia, umesikia?"

Nilikuwa nimesikia, maana tulikuwa umbali wa hatua chache. "Mwambie haiwezekani. Sitamwamrisha mama mkwe wangu kama turnboi wa lori."

"Mama, asema haiwezekani."

"Mwambie na dada yangu haiwezekani aningoje mpaka katikati ya wiki."

Mzee hakuwa na haja ya kunifikishia hilo. Nililala pale na spana mkononi, nikitazama matope chini ya gari. Adhana ya alasiri ikaanza kusikika kutoka msikiti wa Pumwani, naye mzee akashuka kutafuta viatu vyake.

"Mie naenda kuswali," akasema. "Sikilizeni. Injinia asiseme neno. Agonge chuma mara moja, Mama akanyage ashikilie. Agonge mara mbili, Mama aachilie. Chuma si mkwe wa mtu."

Akaenda. Nikasikia mlango wa gari ukifunguliwa na gari likainama kidogo. Nikagonga mara moja.

Pedali ilishuka polepole na kutulia huko chini. Nikafungua kinati. Yakatoka maji meupe yenye povu, kisha mafuta meusi kama chai iliyokaa motoni. Nikafunga, nikagonga mara mbili. Hakuna mkufunzi wa chuo changu aliyewahi kunikanyagia breki namna ile.

Nilipotaka kuhamia gurudumu jingine nilikohoa, naye akajifunika uso kwa leso mpaka nikapita. Nilipoongeza mafuta, boneti iliyoinuliwa ilikuwa ukuta kati yetu. Gurudumu la mwisho lilikuwa la mbele kulia, karibu kabisa na miguu yake, kwa hiyo nilining'iniza gunia mlangoni kabla ya kulala chini.

"Makubwa!" akasema yule jirani aliyekuwa akifua nguo. "Mkwe na mama mkwe wanazungumza kwa spana!"

Nikagonga mara moja. Mafuta yalikuja safi bila tone la povu. Nikagonga mara mbili za mwisho nikabaki chini mpaka nikasikia ndara zake zikienda zake.

Nilizunguka na gari mtaani, nikafunga breki kwenye changarawe. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe.

Mke wangu aliporudi jioni majirani walikuwa wameshamwambia. Akaenda moja kwa moja kwa mama yake.

"Mama! Mlikuwa kwenye gari moja?"

"Nani na nani?" nikamsikia mama mkwe akijibu kutoka dirishani. "Mimi sikumwona mtu. Nilikuwa nakanyaga."

Tuliondoka kabla ya jua. Mke wangu alikaa mbele nami, mama mkwe nyuma kwenye benchi, uso ukitazama tulikotoka. Kwenye mteremko tulilipita lori lililosimama kando likifuka moshi magurudumuni. Mimi nilishuka kwa gia, nikigusa breki pale tu palipohitajika, na kila nilipogusa gari liliitika.

Tulifika alasiri. Dada yake alikuwa ametolewa nje aote jua, amekonda, macho yake yakiwa bado makali. Mimi nilibaki langoni, kama inavyopaswa, nikijifanya nakagua tairi. Nikawaona wameshikana mikono muda mrefu.

Hatimaye mgonjwa akainua kidevu kuelekea gari. "Ni nani amekuleta?"

"Nimejileta," akasema mama mkwe. Halafu, kwa sauti ya kutosha kufika langoni: "Na yule fundi aliyesoma Uingereza."

Niliendelea kukagua lile tairi, ingawa halikuwa na shida yoyote.