Vitambaa vya Lea

Marciana alikuwa amefanya usafi katika gesti ya Mama Anselmi pale Mikumi miaka mingi kabla Lea hajaletwa. Alianza zama zile sabuni inapangiwa foleni, akaendelea mpaka enzi za ruksa, maduka ya barabarani yalipofurika vitu ambavyo awali watu walivisikia tu kwa madereva wa malori. Mama Anselmi sasa akienda Dar es Salaam alirudi na katoni ya vitambaa vyepesi vya buluu, vya kufutia mara moja na kutupa, pamoja na sponji na stilwaya za kusugulia masufuria. Marciana alivitumia kama alivyoagizwa. Alifuta, akatupa.

Zamani hakuwa hivyo. Alipotoka kwao, kijiji cha Ulaya huko Kilosa, alikuja na madodoki ya kusugulia aliyovuna mama yake, na kopo la majivu yaliyochekechwa. Mama Anselmi alipoyaona alimwambia mbele ya wapishi kwamba hapa si kijijini, wageni wakiona majivu watahamia gesti ya jirani. Wapishi walicheka. Marciana akavipeleka vyote jalalani.

Lea alitokea Ruhembe, binti wa mkata miwa. Siku ya kwanza alimwamkia Marciana shikamoo kwa adabu zote, naye akaitikia marahaba na kumkabidhi ufagio. Alikuwa msichana wa maneno machache na mkono mwepesi. Vile vitambaa vya buluu hakuvitupa. Alivifua kwa maji ya moto na chumvi, akavibana kwenye kamba nyuma ya jiko. Vilivyochoka kufuta meza vilishushwa madirishani, kutoka huko vikaenda sakafuni, na mwisho chooni. Vya chooni alivikata pembe ili visichanganyike na vingine. Stilwaya aliikata vipande vidogo, akivitumia kimoja kimoja, na kila kimoja akakipaka sabuni kisishike kutu.

Katoni iliyokuwa haimalizi mwezi ikavuka wa pili. Asubuhi moja Mama Anselmi aliwakusanya wafanyakazi wote uani.

"Huyu binti ana akili," alisema. "Mtazameni mjifunze."

Marciana alikuwa amesimama na ndoo mkononi. Neno lile, mjifunze, lilimkwama kama mwiba wa samaki. Ajifunze nini? Kutunza kitu mpaka kiishe kabisa? Hayo aliyajua tangu mtoto, na ndiyo yaliyomfanya achekwe.

Tangu siku ile hakuona jema kwa Lea. Akicheka, anajipendekeza, akinyamaza, anaringa. Mama Anselmi alipomwita Lea barazani wanywe chai pamoja, Marciana alifagia palepale karibu yao, akitimua vumbi zaidi ya ilivyohitajika. Hata vitambaa vilivyopepea kwenye kamba vilimkera, vimejipanga kama sare za wanafunzi. Aliona kila kimoja kinamcheka.

Jumamosi moja Lea alikwenda sokoni. Marciana alitoka nyuma ya jiko, akabanua vitambaa vyote, akavitumbukiza kwenye shimo la taka lililokuwa likiwaka. Vilikwisha upesi, vikaacha harufu ya plastiki.

Lea aliporudi Marciana alimwambia nyani wametoka mbugani, wamebeba vitambaa. Mama Anselmi aliamini mara moja, maana juzi tu nyani walikuwa wameiba mkate mezani. Aliwalaani nyani, akaingia ndani. Lea alibaki akiitazama kamba, kisha akatazama chini. Beseni lilikuwa hapo, na vibanio vyote vimewekwa ndani yake, kama Marciana alivyozoea kufanya kila akianua.

Alisubiri mpaka walipobaki wawili.

"Nyani hawaweki vibanio kwenye beseni, dada."

Marciana alitaka kukana, lakini ulimi ulimpeleka kwingine. Alimweleza yote, madodoki, majivu, kicheko cha wapishi. Na kwamba mwenzake amesifiwa kwa jambo lilelile lililomfanya yeye aonekane mshamba. Hakuomba radhi. Alisema kwa hasira, kana kwamba aliyekosewa ni yeye, na moyoni aliamini hivyo.

Lea alisikiliza mpaka mwisho. "Mama anajua haya?"

"Alikuwepo."

Kesho yake Lea alimweleza Mama Anselmi habari ya madodoki, ya moto hakugusia. Mama Anselmi alikunja uso akitafuta. Akasema hakumbuki kitu kama hicho, labda Marciana anamfananisha na mtu mwingine. Kisha akaulizia mashuka ya chumba cha tatu. Marciana alikuwa mlangoni, akasikia. Aibu aliyoibeba miaka yote ile, mwenye kumpa hakuwa nayo hata chembe.

Mama Anselmi alipofungua gesti ya pili Kilosa mjini, alimpeleka Lea kuwa msimamizi. Siku ya kuondoka Lea alimwambia Marciana kwamba amemwombea kwa Mama awe anashika yeye mambo ya usafi hapa, na Mama amekubali. Hakusema kwa kujionyesha. Marciana akaitikia haya, akamtakia safari njema.

Alibaki amesimama uani gari lilipotokomea. Cheo amekipata, lakini kwa kuombewa, tena na yuleyule ambaye yeye alimchomea vitambaa. Na siku zote zilizofuata, kila abiria aliyetoka Kilosa aliposifu usafi wa gesti mpya, Marciana aliuliza kwa sauti ya kawaida kama Lea hajambo, kisha akaokota tambara na kusugua meza iliyokwisha takata.