Siku Mjomba Alipoanguka

Mjomba wangu alikuwa seneta, na mimi nilijivuna kuliko yeye. Kule sokoni Kasongo mtu akinikanyaga kidogo tu namuuliza: "Unajua mjomba wangu ni nani?" Aibu gani! Lakini nasema kweli, nilifanya hivyo.

Alipotaka kurudi kwenye kiti, sisi wa nyumbani hatukuwa na wasiwasi. Nani hapa hampendi? Alitengeneza daraja kwenye njia ya Wamaza, alileta mabati ya shule. Tukasahau kwamba seneta hachaguliwi na sisi. Wanaomchagua ni wadepite, yaani wabunge wa jimbo, kule Kindu, watu wachache tu, wanaenea katika chumba kimoja. Na wadepite hao masikio yao yalikuwa Kinshasa, si kwenye daraja letu. Kinshasa kambi ya siasa ya mjomba ilikuwa imevunjika. Wakubwa wakahamia upande wenye nguvu, na wadepite wetu wakawafuata mmoja mmoja. Mjomba akabaki.

"Mimi si kinyonga," alisema. Tukampigia makofi. Wajinga sisi!

Mama yangu ni dada yake mkubwa, ndiye aliyembeba mgongoni utotoni. Yeye habari za kambi hazikumhusu. Aliogopa njia. Asubuhi mjomba alipopanda pikipiki kwenda Kindu, Mama alimng'ang'ania mkono: "Mudogo wangu, kiti kinapatikana tena. Shingo ikivunjika, utapata ingine mu soko gani?" Mjomba akacheka, akaenda. Tangu hapo Mama hakula vizuri. Kila pikipiki ikipita alitoka kuangalia.

Siku ya kura, alasiri, nilipanda juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, maana ndipo simu inaposhika. Binamu yangu akapiga kutoka Kindu. Nikasikia maneno mawili, laini ikakatika. Na mdomo wangu huu hauna breki. Nikapaza sauti mpaka uani: "Mama! Mjomba ameanguka!"

Mama alikuwa anatwanga sombe. Mchi ukaenda kwake, kinu kwake. Akatoka mbio, ndala mguu mmoja, majani ya muhogo yamemjaa mikononi, analia: "Yarabi! Mutoto wa mama yangu! Ameangukia wapi?"

Nikamkimbiza, nikamdaka kitenge karibu na msikiti. "Mama, si pikipiki! Ameanguka kura!"

Akasimama katikati ya njia. "Kura?"

"Kura. Amekosa kiti."

"Miguu yake iko?"

"Iko."

"Na kichwa?"

"Iko, Mama, iko yote!"

"Alhamdulillahi!" Akapiga vigelegele ambavyo hata kwenye harusi yangu hakuvipiga. Sasa jirani akisikia hivyo siku ya kura, ataelewa nini? Mtaa mzima ukaamini tumeshinda. Ngoma ikatoka, wanawake wakaja wanacheza, mmoja amebeba kuku mzima kwapani. Nikajaribu kueleza. Nani wa kunisikiliza? Moyoni nilikuwa na uchungu, sifichi, nilikipenda kile kiti. Lakini nikamwangalia Mama anavyozungusha kiuno na machozi bado yako mashavuni, nikashindwa kujizuia. Nikacheza na mimi.

Mjomba alirudi keshokutwa yake, vumbi mpaka kwenye kope. Njiani watu waliochelewa kupata habari kamili walikuwa wanampa hongera, maskini, naye anaitikia tu kwa kichwa. Aliingia uani, akashuka, akasimama mbele ya Mama kama mwanafunzi aliyeleta matokeo mabaya.

"Yaya," akasema. Yaya, yaani dada mkubwa, ndivyo anavyomwita tangu utotoni. "Yaya, nimeanguka."

Mama akamshika mabega, akateremka kwenye mikono, akainama akapapasa magoti, akapanda tena mpaka shingoni, akaishika kwa viganja viwili.

"Wapi?" akamuuliza. "Mimi naona umefika."