Mwezi Nilioupiga Picha Peke Yangu

Nyumbani kwetu picha isiyo na mtu ni filamu iliyotupwa. Dada yangu, aliyebaki Unguja, nilikuwa nikimpelekea mawingu ya London, dhoruba zikija, jua likizama jekundu juu ya miti, naye kila mara swali lake moja: "Na wewe uko wapi?" Mimi nilikuwa nyuma ya kamera, juu ya kilima cha Harrow, koti limelowa, nikisubiri.

Kusubiri ndiyo kazi yenyewe. Anga la huku hukaa kijivu wiki nzima, ukadhani limekufa, halafu jioni moja upepo unageuka, mawingu yanapasuka upande wa magharibi na mwanga unapenya chini yake, mashamba ya bondeni yote yanawaka. Ukipepesa macho umeukosa. Kazini waliniona nina wazimu kidogo, na sikuwabishia. Mpweke lazima ajitafutie shughuli, na yangu ilikuwa nafuu kuliko ulevi.

Siku pekee niliyokuwa mtu kati ya watu ni Idi. Kila mwaka sisi wa Unguja tulikodi ukumbi mtaa wa Barking, tukasali, tukala pilau, tukabishana kwa raha mpaka jioni. Tatizo lilikuwa ruhusa. Bosi anataka kuambiwa mapema, na mwezi hauandami kwa kumfuata bosi. Mwaka mmoja nilikisia kuwa tutafunga ishirini na tisa, nikaomba siku moja, nikapewa kwa kununiwa.

Jioni ya ishirini na tisa dhoruba ilikuwa juu ya kilima. Nilipanda nayo hivyo hivyo. Mvua ikapita, wingu zito likabaki limeinama, na chini yake ukafunguka ufa wa rangi ya chungwa. Jua likazama, nikafuturu kwa tende nimesimama. Niliporudisha jicho kwenye kamera, mwezi ulikuwa ndani ya ufa ule, mwembamba kama kucha iliyokatwa. Nikapiga picha mbili. Kabla ya ya tatu wingu likafunga.

Kwetu anayeuona mwezi hupiga kelele na mtaa mzima ukamwitikia. Niligeuka. Palikuwa na bwana mmoja na mbwa wake, akanisalimu kwa kichwa, akapita.

Nikashuka mbio mpaka kwenye kibanda cha simu, nikampigia mzee aliyekuwa akitusalisha.

"Mliouona mko wangapi?" aliniuliza.

"Niko peke yangu, sheikh. Lakini nimeupiga picha."

"Picha haitoi ushahidi, mwanangu. Tunataka watu wawili, na kote tulikouliza ni mawingu. Sisi tunakamilisha thelathini." Kisha akaongeza: "Wewe kama umeuona kwa yakini, kesho kula. Ila ule kwa siri, usije ukawatia watu fitina."

Hukumu hiyo niliisoma chuo cha Kurani nikiwa mdogo, lakini sikuwahi kuionja. Idi yangu kesho, yao keshokutwa, na keshokutwa mimi niko kazini. Niliona uchungu, nikaona na hasira, sijui nimkasirikie nani.

Asubuhi nilivaa kanzu, nikapika tambi za sukari kwenye jiko langu dogo la chumbani, nikakaa kuzila mapazia yamefungwa kama mwizi. Hazikushuka. Chini alikaa mwenye nyumba, mjane wa Kihindu aliyezaliwa Unguja, Mapinduzi yakamleta huku. Ramadhani nzima alikuwa akifunga mlango wa jikoni kila anapokaanga, harufu isinitese. Nikamsikia anaufunga tena kwa ajili yangu, na mimi nina kijiko mkononi. Hapo nilishindwa. Nikashuka, nikamweleza yote.

"Idi?" alisema. "Peke yako?"

"Peke yangu, mama."

Akaufungua mlango wa jikoni mpaka ukutani. Akajifuta unga kwenye sari yake, akaninyooshea kiganja, bibi yule mwenye wajukuu, kama watoto wa kwetu wanavyofanya wakipita nyumba kwa nyumba kuomba pesa za sikukuu.

"Haya, nipe mkono wangu wa Idi."

Mfukoni sikuwa na kitu. Nikakishika kiganja chake kwa mikono yangu miwili, nikalia, mtu mzima na kanzu yangu, naye akaniacha nilie mpaka nikamaliza.