Mjukuu Wangu Alipopimwa Lugha

Namshukuru Mungu, asikiaye hata sala isiyo na maneno, kwa kunifikisha umri huu nikiwa bado na cha kujifunza.

Mjukuu wangu, msichana wa miaka sita, anaishi nami Ndabibi. Shule ilikataa kumpokea darasa la kwanza pamoja na wenzake mpaka apimwe, kwa kuwa haelewi anachoambiwa. Niliudhika. Mtoto huyu alikuwa akikariri zaburi nzima mbele ya kanisa bila kukwama, na mimi ndiye niliyemfundisha. Masikio yake yalishapimwa, hayakuwa na kasoro. Kilichobaki ni nini?

Mtaalamu wa lugha ya watoto, mwanamke kijana, alitupokea Milimani, Nakuru. Alimkalisha mtoto kwenye mkeka, akampa kikombe na kigari cha plastiki.

"Weka gari nyuma ya kikombe."

Mjukuu aliliendesha gari hadi kwenye kiatu changu.

"Nyuma, mama, kule—" nikaanza kumwelekeza mjukuu.

"Shosh, leo mdomo ni wake," mtaalamu akacheka, akiniita bibi kwa lugha ya vijana. "Wewe utaongea mkifika nyumbani."

Nikanyamaza, lakini mwili haukutulia. Nilikunja leso, nikaikunjua. Nilihamisha mkoba paja hili, paja lile. Mtoto alionyeshwa picha ya kuku aliyemwaga maziwa, akaulizwa kumetokea nini. "Kuku," akasema, kisha akasimama wima na kuisema zaburi yake yote, ile ya Bwana ndiye mchungaji wangu. Shingo yangu ikanyooka.

"Vizuri sana. Na huyo mchungaji anachunga nini?"

"Ndiyo," akajibu.

Nikasema Kiswahili ndicho kinachomsumbua, maana nyumbani tunaongea Kikuyu. Mtaalamu hakubisha.

"Basi mwambie wewe kwa Kikuyu. Lakini usimwonyeshe kwa mkono, wala kwa macho."

"Sasa nitaongea vipi?"

"Kalia mikono, shosh."

Nikaikalia, mama mzima wa kanisa. Nikatazama dirishani, nikamwambia mjukuu aweke gari nyuma ya kikombe. Nilipogeuka, alikuwa ameinama kando ya kiti changu, anatafuta mikono yangu.

Nyumbani nikimwambia alete sufuria, kidole changu huwa kimeshafika kwenye sufuria. Alikuwa akinisoma mimi. Maneno hayakuwa yakimfikia.

"Si mjinga wala mkaidi," mtaalamu alisema. "Maneno yanampita kabla hajayashika, kwa lugha zote mbili."

"Na darasa la kwanza?"

"Aende na wenzake. Nitaongea na mwalimu ampe maagizo mafupi, moja moja, kisha amsubiri. Na mje hapa kila wiki mbili."

"Atapona?"

"Atasonga mbele. Hadi wapi, siwezi kukudanganya."

Jibu hilo halijaniacha nitulie. Shule ilimpokea, naye huenda akiruka. Mimi hubaki nikizunguka shambani, nachuma mboga ambazo sizihitaji, nikiwaza wanamwambia nini na anashika nini. Naomba, nanyamaza, naomba tena.

Juzi alirudi, akavua viatu, akasema bila kuulizwa: "Mbuzi alikula chapati ya mwalimu. Mwalimu alilia." Kama mwalimu alilia kweli sijui. Nilitamani kumuuliza mambo kumi. Nikangoja, na baada ya muda akaongeza, "Mimi nilicheka."

Wewe unayesoma, Mungu akulindie wote wa nyumbani mwako. Na kama yupo unayesubiri aseme, akujalie utulivu wa kumsubiri na furaha ya kumsikia.