Fimbo ya Kilimani na Simu ya Upepo

Nianze na lililo baya, nisije nikaonekana najitetea. Nilimwonea wivu dada wa simu ya upepo tangu siku aliposhuka kwenye lori na sanduku lake la bati, akauliza choo kiko wapi na ofisi iko wapi, kwa mpangilio huo. Wivu ule sikuumaliza hata alipoondoka. Hadi leo nikikumbuka alivyokuwa akisema "nakupata vizuri" nauma meno.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita, enzi ambazo sabuni na chumvi viliulizwa kwa kunong'ona. Nilifanya kazi katika chama kilichokusanya kahawa ya wakulima huku Karagwe, upande wa Chonyonyo. Wazazi wangu walitoka Rwanda, wakaja kulima mashamba ya watu. Kwa hiyo siku nilipopewa kazi yenye koti la mvua, mama aliwaita majirani waje kulitazama koti. Na kazi yenyewe ilikuwa kushika fimbo.

Usicheke. Barabara ya kutoka kwenye ghala letu ilichongwa ubavuni mwa kilima, mwamba upande mmoja, bonde upande wa pili, na huko chini kabisa migomba ya watu. Upana wake lori moja. Kona zilikuwa tatu, na ukishaingia hugeuki wala humwoni anayekuja. Basi chama kilikuwa na fimbo moja ya mti wa mbuni, imefungwa kitambaa chekundu. Mimi nilikaa juu, na mzee mmoja alikaa chini. Lori linaloshuka nililikabidhi fimbo, dereva akaiweka mbele ya usukani, akifika chini akampa mzee. Lori linalopanda halikuruhusiwa kuingia mpaka dereva aishike fimbo ile ile. Fimbo moja, lori moja njiani. Malori mawili yakifuatana kushuka, mzee alilazimika kuirudisha juu kwa miguu kupitia njia ya mkato, akifika kwangu ananitukana kwanza ndipo anapumua. Lakini kwa misimu minne hapakuwa na ajali, hata ya mbuzi.

Fimbo ile ilinipa heshima ambayo baba yangu hakuwahi kuionja. Madereva wakiisubiri fimbo walinipa habari zote: bei ya ndizi Bukoba, daraja lililobebwa na maji, gari gani kesho litarudi tupu. Wafanyabiashara wa maharage na ndizi walikuja kwangu asubuhi, "Kaka, kesho kuna gari lenye nafasi?" na mimi nilijikuna kidevu kwanza kabla ya kujibu. Watu wa rika langu waliniamkia shikamoo, nami niliitikia marahaba bila aibu. Nusu mche wa sabuni haukukosekana nyumbani kwangu.

Kisha zikaja simu mbili za upepo. Moja iliwekwa dirishani pa ghala, juu, nyingine chini kwenye kibanda cha mzee. Na wa kuisimamia ile ya juu akaja dada huyo kutoka Muleba, Mlutheri, amesoma hadi kidato cha nne, mtoto wa ofisa. Alikuwa anabonyeza kitufe, anasema, "Chini, chini, unanipata? Ova," anaachia, anasubiri. Kumbe kusubiri huko ndiko kulikowavutia watu. Walijazana dirishani kusikiliza mkoromo, na sauti ya mzee ikitokea humo ndani, wanapiga makofi.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wiki moja haikuisha, wafanyabiashara wote wakahamia kwenye dirisha lake. Alijua malori kabla hayajafika kilimani, maana vituo vingine vya chama navyo vilikuwa na simu. Nilipita pale na koti langu, hakuna aliyegeuka. Lakini kilichonichoma zaidi ni yule mzee wa chini. Hajui kuandika jina lake, tumekula ugali pamoja na kutukanana misimu minne, na siku mbili tu zilimtosha kuijua simu. Akawa anasema "nakupata, ova" hata anapoitwa na mkewe kula.

Meneja akaniita. "Fimbo ipumzike," akasema. "Siku simu ikigoma, tutaitumia." Akaitundika kwenye msumari ukutani. Mimi nikapewa kazi mpya: kila mwisho wa wiki, malori yakiwa yamelala, kuifungua betri ya gari inayoendesha simu, kuifunga nyuma ya baiskeli, kuipeleka Nyabiyonza kwenye jenereta ya misheni, ichajiwe, niirudishe. Yaani mimi ndiye nimlishe aliyenipokonya chakula.

Na dada mwenyewe hakunipa hata sababu ya kumchukia, jambo ambalo nalo lilinikera. Aliniita kaka. Siku moja aliniomba nimfundishe kutambua malori kwa mngurumo, kwa kuwa alisikia naweza. Nilimwambia masikio yangu siku hizi yameziba. Mke wangu, mtu wa kijiji cha Ndama asiyeficha neno, alikuwa anampelekea ndizi za kupika.

"Mtoto wa watu yuko mbali na kwao," alisema. "Kakukosea nini?"

"Nani kasema kanikosea?"

"Uso wako."

Msimu ukaanza, mvua bado hazijakatika. Wiki hiyo nilifunga betri kama kawaida, nikaondoka. Lakini sikufika misheni. Niliingia kwa ndugu yangu, nikaisukuma betri chini ya kitanda chake, tukanywa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na nikalala huko. Kesho yake nikarudi na betri vile vile, nimeipangusa kwa kitambaa. Sikumtakia mtu mabaya. Nilitaka simu inyamaze kwa siku moja tu, mbele ya watu, meneja atoke na kusema, "Iko wapi fimbo?" Hilo tu ndilo nililolitaka.

Dada aliifunga, akatazama kitaa chekundu cha simu. "Kaka, mbona kinafifia?"

"Jenereta yao inasumbua," nikamjibu.

Siku ya pili yake, alasiri, ukungu ulikaa kilimani na mvua ya manyunyu ikianguka. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Sikuwa nasikiliza anachosema, nilikuwa nakitazama kile kitaa. Alikuwa anazungumza na mzee wa chini, na katikati ya maneno yake kitaa kikazimika. Alibonyeza, akabonyeza tena. Kimya. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nasema kweli, furaha. Nikaingia ndani na kuitoa fimbo ukutani.

Wakati huo huo likafika lori limejaa kahawa, limekuja kushuka. Dereva alikuwa mzee wa Kinyambo, mwenyeji wa huku, mkubwa kuliko madereva wote wa chama, aliyenibeba kwenye gari lake nikiwa bado kibarua. Aliponiona na fimbo akacheka hadi meno yote yakaonekana. "Umerudi kazini, mwanangu!"

"Shikamoo mzee. Nimerudi."

Dada akatoka mbio mvuani bila kujifunika. "Kaka, subiri! Nilikuwa nimemruhusu mtu apande. Kuna gari njiani."

"Fimbo iko wapi?" nikamwuliza.

"Sisemi habari za fimbo, nasema kuna gari!"

"Fimbo hii hapa. Ikiwa juu, hakuna gari linaloingia kutoka chini. Ndivyo ilivyo tangu hujaja."

Hapa ndipo watu hawaniamini ninapowasimulia, na siwalaumu. Nilikuwa nasema nilichokiamini. Mkono uliozoea misimu minne haukumbuki tangazo la meneja. Nilikuwa na fimbo mkononi, basi kilima kilikuwa kitupu. Kwamba mzee wa chini siku hizi hakungoja fimbo, aliingoja sauti ya dada, nililijua. Lakini saa ile lilinitoka kabisa, na wivu haukunipa nafasi ya kulitafuta.

Dereva alitutazama wote wawili. Dada akamshika mlango. "Tata, usishuke," akamwambia, kama mtu anayemsihi baba yake mzazi.

"Binti yangu," mzee akasema kwa upole, "fimbo ya mbali haiui nyoka. Huyo wa chini yuko mbali na mashine yako imekufa. Hii iko hapa." Akanyoosha mkono dirishani. Nikampa.

Tulisikia honi mara mbili, kisha mlio ambao sitauelezea. Nilipofika kona ya pili nikiwa sina viatu, nilikuta lori la mzee limejibana kwenye mwamba, pua imeingia ndani, magunia yamepasuka na kahawa imetapakaa kwenye tope. Lori lililokuwa linapanda lilisimama ukingoni mwa bonde, zima, dereva wake anauvuta mlango wa mzee. Mzee alikuwa amechagua mwamba ili mwenzake asiende bondeni. Mguu wake wa kulia ulibanwa na mlango. Alikuwa na fahamu, na fimbo ilikuwa bado iko mbele ya usukani. Tulimtoa kwa nyundo na mtaimbo, tukambeba kwa machela, wanaume sita kwa zamu. Mguu haukupona. Hakuendesha gari tena maisha yake.

Meneja alituita siku iliyofuata. Aliuliza betri imekufaje wakati imetoka kuchajiwa. Dada alinitazama mimi. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa ameshauliza: dereva mmoja aliyepita misheni alimwambia betri yetu haikufika huko wiki ile. Alijua kila kitu akiwa amesimama pale.

"Betri imezeeka," akasema. "Na mimi nilipaswa kumzuia anayeshuka mpaka anayepanda afike. Kosa ni langu."

Madereva hawakutaka tena kusikia sauti yake. Walisema mwanamke aliiita bahati mbaya kilimani, maneno ya kipuuzi ambayo ningeweza kuyazima kwa sentensi moja. Sikuyazima. Mwezi ulipoisha alihamishiwa kituo kingine cha chama, mbali, na mimi nikapewa kiti chake. Ndiyo, kiti kile kile. Nilikuwa nimeona mara nyingi simu inavyotumika, na pale dirishani nilijua kila mngurumo.

Siku ya kuondoka alinionyesha vitufe, ingawa nilikuwa navijua. Akasema, "Kaka, kabla ya kumruhusu mtu, tazama taa kwanza." Kisha akashusha sauti. "Una watoto, mimi sina. Ndiyo maana nilinyamaza, na sitasema kwa mtu. Lakini yule mzee dereva atakuja siku moja. Umwambie wewe."

Ungedhani ningemshukuru. Nilibeba sanduku lake la bati hadi kwenye lori, na njia nzima nilikuwa namwonea wivu, safari hii kwa moyo aliokuwa nao. Simu nilikuwa nimempokonya. Hilo lingine halikuwa kitu ninachoweza kumpokonya.

Mzee dereva alikuja baada ya miezi mingi, asubuhi ya soko, dirisha limejaa wafanyabiashara. Walimpisha. Alikuwa anatembelea fimbo, na niliitambua. Ilikuwa ile ya mbuni, na kitambaa chekundu bado kimefungwa, kimepauka. Alikuwa amemwomba meneja ampelekee hospitalini. Mke wangu, aliyekuwa ameniletea chakula, alimkalisha kwenye gunia na kumpa kahawa ya kutafuna mkononi, kama mgeni anavyopewa kwetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naona umekuwa bwana mkubwa." Akatafuna, akaigonga sakafu kwa fimbo. "Hii haijanidanganya hata siku moja. Wewe uliijua, mimi niliijua. Ni ule upepo wa yule binti ndio ulioniulia mguu. Au siyo?"

Aliuliza kweli. Alinitazama akisubiri nimjibu, na mke wangu alinitazama, na wale watu wa ndizi na maharage wakasogea ili wasikie.

Kabla sijafungua mdomo, simu ikakoroma. "Kilimani, kilimani," sauti ya dada ikaita kutoka huko alikohamishiwa. "Unanipata? Ova."

Taa ilikuwa inawaka vizuri. Nikanyoosha mkono nikapunguza sauti mpaka isisikike.

"Kweli, mzee wangu," nikasema. "Ni ule upepo."