Nyenje wa Wifi Mwanahamisi

Usiku ule nililala nimejifunga kichwani kanga ya wifi yangu, Mwanahamisi binti Juma, maana kichwa kilikuwa kinaniuma. Mwanahamisi ni dada wa marehemu mume wangu, naye sasa ni marehemu. Alifuga vinyonga kibarazani, Kidawa, Tatu na Shani, watu wakamwita mchawi, yeye akacheka tu. Amebaki Shani. Alipokuwa mgonjwa alinishika mkono, nikamwahidi nitamtunza Shani wake.

Na nyenje nilikuwa nampa, si kwamba nilimsahau. Wamo ndooni, wifi mwenyewe aliwafuga kwa kazi hiyo. Ila hao nyenje sikuwapa kitu. Mwanahamisi alikuwa akiwakatia mchicha, akiwakwangulia karoti, akiwapondea ganda la yai, mimi namtania: "Wifi, nyenje wako wanakula kuliko kaka yako!" Niliona ni mchezo. Mdudu wa kuliwa leo jioni, mchicha wa nini? Mchicha nikawapa kuku wangu. Shani akaanza kulegea miguu, nikasema ni uzee. Jirani akiuliza, namjibu anakula vizuri sana.

Basi usingizini usiku ule nikajiona niko jikoni kwangu, na Mwanahamisi amekaa mkekani, kavaa lile gauni lake la kijani. Sikushangaa hata. Nikasema, "Karibu wifi, mbona hukubisha hodi?"

Akasema, "Nina njaa."

Nikapakua pilau mpaka juu, nikafunika kawa, nikamwekea. Anafunua. Mvuke unatoka. Anamega tonge, anatia mdomoni, anatafuna, na mimi nasikia karr, karr, kama mtu anakanyaga majani makavu. Anatema kiganjani. Maganda ya nyenje, matupu, ndani hamna kitu.

"Wifi," anasema, "unanilisha njaa."

"Mimi? Si nimekupakulia sinia zima!"

"Hicho ulichopakua, chenyewe kilikula nini?"

Mkeka umekuwa tawi sasa, jiko limekuwa tundu la wavu, naye ananing'inia pale kwa mikono miwili, vidole vinateleza kimoja kimoja. Nyuma ya wavu wamesimama wanangu, Asha, Bakari, Zaina na Omari, wote niliowalisha kwa mkono huu, wananitazama. Nataka kumdaka, lakini mikono yangu imejaa mchicha. Kila mtu anajua ni wa kuku. Sina pa kuuficha.

Nikaamka jasho limenilowesha, adhana ya alfajiri ndiyo inamalizika. Kwa Shani sikwenda. Nilikwenda kwenye ndoo. Nikafunua: nyenje wakubwa walikuwa wakiwatafuna wenzao.

Nikauchukua ule mchicha wa kuku, nikaukata mdogo mdogo, nikaponda na ganda la yai. "Kuleni," nikawaambia, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwomba radhi mgeni aliyemlaza na njaa. Waliujia wote kwa pamoja.

Shani leo atangoja, mpaka hao washibe kwanza. Nilikaa mbele ya tundu lake nimweleze hivyo. Jicho lake moja likageukia ndoo, la pili likanitazama mimi. Nikaivuta ile kanga kutoka kichwani, nikajifunika uso.